Uzee Si Jina la Ugonjwa

Kuna neno dogo katika lugha yetu ambalo limewapeleka wazee wengi kaburini kabla ya siku zao. Neno hilo ni "tu". Mzee akisema kuwa kilima alichokipanda mwaka jana bila kupumzika sasa humlazimu kusimama mara tatu, huambiwa kuwa ni uzee tu. Bibi akisema kuwa kichwa humzunguka ainukapo kitini, na viganja vyake vimekuwa vyeupe, huambiwa kuwa ni uzee tu. Mgongo ukimuuma babu usiku kucha kwa miezi minne, wanawe hutazamana, hutikisa vichwa kwa huruma, na kusema kuwa ni uzee tu. Likisha kutamkwa neno hilo, shauri hufungwa. Hapana anayeuliza swali la pili. Hapana anayekwenda hospitali. Na mgonjwa mwenyewe huona haya kulalamika tena, kwani ni nani awezaye kulishitaki jua kwa kutua?

Nimeandika insha hii kulipinga neno hilo. Sikusudii kukuambia, msomaji kijana, kuwa uzee haupo, au kuwa elimu imepata dawa ya kuuzuia. Mwenye kusema hivyo hudanganya. Nasema kuwa uzee si jina la ugonjwa, na mtu anayelitumia kama jina la ugonjwa hufanya kosa katika elimu na dhuluma katika uadilifu. Ili hoja yangu ipimwe kwa haki, nimechagua uwanja ambao wapinzani wangu wana nguvu nyingi, nao ni uboho wa mifupa. Uboho huzeeka kwelikweli, na wataalamu wameuona ukizeeka kwa macho yao. Kama neno "uzee tu" halitoshi hata hapa, basi halitatosha mahali pengine popote.

Uboho unaujua. Bila shaka umepata kuugonga mfupa wa ng'ombe juu ya sahani ili kitoke kile kitu laini kilicho ndani, ukakila kwa furaha. Kama ungalitazama kabla ya kula, ungaliona jambo. Katikati ya mfupa wa mguu wa ng'ombe mzima, uboho una rangi ya manjano, nao ni mafuta matupu. Lakini ndani ya mbavu na pingili za mgongo uboho ni mwekundu. Mwili wa mwanadamu una mpango kama huo. Mtoto mchanga ana uboho mwekundu katika karibu mifupa yake yote. Akisha kuwa mtu mzima, uboho mwekundu hubaki katika fuvu, pingili za mgongo, mbavu, mfupa wa kidari, mifupa ya nyonga, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Kwingineko hukaa mafuta.

Huo mwekundu ndio ufanyao damu. Kazi yake ni kubwa kuliko akili inavyoweza kuiwaza kwa urahisi. Chembe nyekundu, zichukuazo hewa ya oksijeni kutoka mapafuni, huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Chembe za kugandisha damu huishi siku 7 hadi 10. Na baadhi ya chembe nyeupe, walinzi wa mwili, hazimalizi hata siku chache. Zote hizi lazima zirudishiwe nyingine mahali pake. Kwa hiyo uboho wa mtu mzima hufanya chembe nyekundu bilioni 200 hivi kila siku, yaani zaidi ya milioni 2 katika kila sekunde. Tangu ulipoanza kuisoma aya hii, uboho wako umekwisha kufanya chembe nyingi kuliko idadi ya watu wote wa Kenya.

Watu hawakulijua jambo hili siku zote. Kwa karne nyingi wengi walidhani kuwa damu hufanywa katika ini na bandama, na uboho walihesabu kuwa ni chakula cha mifupa. Mwaka 1868 Ernst Neumann, mtaalamu wa mji wa Königsberg, alitangaza kuwa chembe za damu huzaliwa ndani ya uboho. Wenzake wengi hawakumsadiki upesi. Karibu miaka 100 ilipita kabla swali la pili halijajibiwa: Je, chembe hizi za namna nyingi zina wazazi wengi, au mzazi mmoja? Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Toronto, nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch, waliwachukua panya ambao uboho wao ulikuwa umeuawa kwa miale, wakawatia chembe za uboho wa panya wazima. Baada ya siku chache vinundu vidogo vilionekana katika bandama za panya wale, na kila kinundu kilitokana na chembe moja tu iliyozaa chembe za namna mbalimbali. Huo ulikuwa ushahidi wa chembe mama, yaani chembe chache zenye uwezo wa kuzaa chembe nyingine zote za damu na kujizaa zenyewe pia.

Sasa nitawapa wapinzani wangu haki yao yote, maana mjadala unaoficha ushahidi wa upande wa pili si mjadala. Ni kweli kuwa uboho huzeeka. Kadiri miaka inavyokwenda, mafuta huingia mahali palipokuwa pa chembe. Wapimaji wana kanuni nyepesi ya makadirio: katika 100 toa umri wa mtu, na jibu ni sehemu ya uboho wake, kwa mia, inayotazamiwa kuwa na chembe zinazofanya damu. Mtu wa miaka 30 hutazamiwa kuwa na 70 kwa mia. Mtu wa miaka 70 hutazamiwa kuwa na 30. Chembe mama zenyewe hubadilika. Kila moja hupata, kwa wastani, makosa 17 hivi kila mwaka katika maandishi yake ya urithi, kama mwandishi anayenakili kitabu kile kile maisha yake yote na kuteleza hapa na pale. Makosa mengi hayadhuru. Machache huipa chembe nguvu ya kuzaa kuliko jirani zake, na uzao wake ukatapakaa katika damu.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulisoma maandishi hayo katika damu na uboho wa watu 10, kutoka watoto wachanga hadi mtu wa miaka 81. Waliokuwa chini ya miaka 65 walikuwa na chembe mama kati ya 20,000 na 200,000 zilizogawana kazi karibu sawasawa. Katika waliopita miaka 75 mambo yalikuwa mengine: koo 12 hadi 18 tu za chembe zilikuwa zikifanya kati ya 30 na 60 kwa mia ya damu yote. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, ilitangazwa habari ya Hendrikje van Andel-Schipper, mwanamke wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1890 na kufa mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 115. Sehemu kubwa ya chembe nyeupe za damu yake ilikuwa uzao wa chembe mama mbili tu.

Huo ndio ushahidi wa upande wa pili, na sikuupunguza hata kidogo. Lakini tazama vizuri ushahidi huo unasema nini, kisha tazama usichosema. Mwanamke yule alifika miaka 115, na hakuwa na saratani ya damu. Uboho wake, ulioelemea chembe mama mbili, ulimlisha damu mpaka mwisho. Na kuna jaribio la kale zaidi ambalo wapenzi wa neno "tu" wangefaa kulisoma. Katika Marekani mtaalamu David Harrison alichukua uboho wa panya, akaupandikiza kwa panya mwingine, na kutoka kwa huyo akaupandikiza kwa mwingine tena. Panya huishi kama miaka 2 au 3. Mwaka 1973 Harrison alitangaza kuwa uboho ule ulikuwa umefanya chembe nyekundu bila kasoro kwa miezi 73, yaani zaidi ya miaka 6. Uboho uliishi umri wa panya wawili na zaidi. Basi ni haki gani kusema kuwa damu ya bibi yako imepungua kwa kuwa uboho wake umechoka?

Kuzeeka ni jambo moja, na kushindwa kazi ni jambo jingine. Uboho wa kijana una akiba kubwa, na uboho wa mzee una akiba ndogo. Siku za amani wote wawili huleta damu ya kutosha. Tofauti huonekana siku ya msiba: damu ikimwagika, homa ikikaa mwilini, au chakula kikikosekana, kijana hurudi upesi na mzee hukawia. Kwa hiyo mzee anapopungukiwa na damu, jambo la kuuliza ni hili: Ni msiba gani uliompata? Uzee umemwondolea akiba. Nani aliyemwibia mtaji? Hapo ndipo neno "uzee tu" linapofanya madhara yake, maana humwacha mwizi ndani ya nyumba na kumlaumu mwenye nyumba kwa umaskini wake.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa upungufu wa damu: gramu 13 za hemoglobini katika kila desilita kwa mwanamume, na gramu 12 kwa mwanamke asiye na mimba. Mpaka huo hauna mlango wa pembeni kwa watu wa miaka 70. Katika Marekani, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2004 uliona kuwa kati ya watu wa miaka 65 na zaidi, wapatao 1 katika 10 walikuwa na damu pungufu. Waliopita miaka 85 walikuwa zaidi ya 1 katika 5. Mtu wa haraka atasema: "Unaona? Ni uzee!" Lakini waliochunguza waliendelea kuuliza. Theluthi moja ya wagonjwa walikosa chakula cha damu, kama madini ya chuma, folati na vitamini B12. Theluthi nyingine walikuwa na figo mbovu au ugonjwa wa muda mrefu unaowaka mwilini. Theluthi ya mwisho peke yake ndiyo iliyokosa sababu iliyojulikana, na hata humo yamo magonjwa ya uboho yaliyojificha. Katika kila watatu ambao jirani angewaambia "uzee tu", wawili walikuwa na sababu yenye jina. Hao ni watu wa Marekani, wasiokaa na safura wala malaria wala kichocho. Huku kwetu, ambako minyoo na homa hizo zingalipo katika sehemu nyingi, mwenye kuacha kutafuta sababu ana udhuru mdogo zaidi.

Na tuyatazame baadhi ya majina hayo, ili ujue neno "tu" linafunika nini. Mzee aliyepungukiwa na madini ya chuma aghalabu anavuja damu mahali fulani. Pengine ni kidonda cha tumbo kilicholetwa na dawa za maumivu alizomeza kila siku kwa ajili ya magoti. Pengine ni uvimbe katika utumbo mpana, ambao ukikatwa mapema mtu hupona, na ukiachwa humuua. Damu pungufu ilikuwa barua ya onyo, nasi tuliichana bila kuifungua.

Vitamini B12 ina kisa chake. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na tumbo la mzee mara nyingi halina tena asidi ya kutosha kuitoa ndani ya chakula. Anayeikosa hupungukiwa na damu, hufa ganzi miguuni, huyumba akitembea, na pengine husahau mambo. Watu husema akili zimemruka kwa uzee. Wengine, katika sehemu ambazo ushirikina haujafa, husema mabaya kuliko hayo. Wala tiba yake si kubwa: ni sindano au vidonge vya vitamini. Fikiri juu ya dhuluma ya mtu kufungiwa chumbani kama mwenda wazimu kwa kukosa kitu ambacho zahanati ingeweza kumdunga.

Kuna na ugonjwa uitwao mayeloma. Huu ni saratani ya uboho wenyewe, na wengi wanaoupata wamepita miaka 60. Chembe fulani nyeupe, ambazo kazi yake ni kufanya silaha za kinga, huasi na kuzaana bila mpaka. Hula mfupa kutoka ndani, huziba figo, na huwanyang'anya nafasi wafanya damu. Dalili zake ni maumivu ya mgongo au mbavu, uchovu, damu pungufu, na mfupa kuvunjika kwa jambo dogo. Soma tena orodha hiyo, kisha uniambie ni dalili gani miongoni mwake ambayo hatujaisikia ikiitwa uzee. Mgonjwa hupakwa dawa ya kuchua mgongo kwa mwaka mzima, huku figo zake zikifa. Matibabu ya leo, ijapokuwa kwa kawaida hayaung'oi ugonjwa huo kabisa, huweza kumpa mtu miaka mingi ya kukaa na watu wake bila maumivu makali. Lakini hayampi kitu yule ambaye ugonjwa wake haukupata kuitwa kwa jina.

Ili jina hilo lijulikane, pengine uboho hauna budi kutazamwa, na hapa tunakutana na adui wa pili, ambaye ni hofu. Watu huogopa kuwa mtu akichomwa sindano kutolewa uboho hupooza. Nadhani sehemu ya hofu hiyo imezaliwa na lugha. Sisi huita kwa neno uboho kile kitu kilicho ndani ya mifupa, na tena husema uboho wa mgongo kwa ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo. Ni vitu viwili vyenye jina moja, na havina udugu. Daktari atakaye kupima uboho hudunga dawa ya ganzi, kisha huingiza sindano katika mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, chini ya kiuno. Mshipa wa fahamu hauko hapo. Kuna maumivu ya muda, hasa uboho unapovutwa, na mtu huweza kusikia uchungu kwa siku chache. Anayekuambia kuwa hakuna maumivu anakudanganya, na anayekuambia kuwa utapooza anakudanganya zaidi. Kiasi kidogo kilichotolewa hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini. Na katika doa lile mtaalamu husoma kama kiwanda kina wafanyakazi, kama kina chuma cha kufanyia kazi, au kama kimetekwa na waasi.

Najua watanijibu kwa mithali. Watasema, la kuvunda halina ubani. Yaani kilichokwisha kuharibika hakitengenezeki, na fedha chache tulizo nazo zitumiwe kwa watoto. Hoja hii huvaa vazi la hekima, kwa hiyo yastahili jibu kamili.

Kwanza, mithali hiyo husema juu ya kilichovunda, na swali letu ni kama kimevunda. Hujui mpaka umetazama. Hatua ya kwanza ni kuhesabu chembe za damu, na kichupa kidogo cha damu chatosha kwa kazi hiyo. Mwenye kukataa kutazama kwa sababu anadhani kilichomo kimeoza huyo ametoa hukumu kabla ya ushahidi.

Pili, habari ya fedha. Nauli ya kumpeleka mzee hospitali hukosekana, lakini siku ya mazishi hema hupatikana, fahali hupatikana, na basi la waombolezaji hupatikana. Watu ambao hawakuonekana kwa mwaka mzima huja na michango mikononi, na msemaji mmoja baada ya mwingine husimulia jinsi marehemu alivyokuwa nguzo. Siwazuii watu kuwazika wazee wao kwa heshima. Nasema tu kuwa jamii yenye fedha za fahali haikukosa fedha za kipimo. Ilikosa nia.

Tatu, kuna wale wasemao kuwa, hata ugonjwa ukijulikana, mzee hatapona. Wengine watapona kabisa. Wengine watapewa miaka. Na wengine hawatapewa ila nafuu ya maumivu. Lakini nafuu si kitu kidogo kwa mwenye mifupa inayouma, wala hapana ajuaye mzee yupi yumo katika kundi lipi kabla ya kumpima. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na umri wa miaka 77 alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Hakupona. Lakini ugonjwa wake ulitafutwa, ukapewa jina, ukapiganwa nao, na umri wake haukuhesabiwa kuwa ni jibu. Alichotendewa Mwalimu ndicho anachostahili kutendewa mzee yeyote anayeota jua mbele ya nyumba yake.

Nne, wako wazee wasiotaka kupimwa, na matakwa yao ni lazima yaheshimiwe. Aliyeelezwa ugonjwa wake na matibabu yake, kisha akasema kuwa ameishi vya kutosha na anataka kubaki nyumbani, ametumia uhuru wake. Lakini aliyeambiwa "ni uzee tu" hakupewa kitu cha kukataa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inaitaka serikali ihakikishe kuwa wazee wanaishi kwa heshima, na kuwa wanapata malezi na msaada wa kufaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Kwa Katiba hiyo mzee ni mtu aliyefika miaka 60. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa watu wa umri huo ni milioni 2.7 hivi nchini. Hao wote hawawezi kutupwa ndani ya neno moja la herufi mbili.

Wala sitaki kuwalaumu wanakijiji peke yao na kuwaacha wasomi. Elimu yenyewe imekuwa na "tu" yake. Kwa muda mrefu majaribio mengi ya chembe za uboho yalifanywa juu ya panya wachanga wa miezi michache, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na kuwafuga hadi uzeeni ni gharama. Dawa nyingi za saratani zilijaribiwa juu ya watu wa makamo wenye nguvu, kisha zikapewa wazee ambao hawakuwamo katika jaribio. Na zile hesabu kubwa za mwaka 2014, zilizoonyesha kuwa koo za chembe zenye makosa huonekana katika mtu 1 hivi kwa kila 10 waliopita miaka 70, zilitoka zaidi katika damu ya watu wa asili ya Ulaya. Hesabu hizo zina faida kubwa: zimetujulisha kuwa wenye koo hizo wana hatari zaidi ya saratani ya damu, ijapokuwa kwa mwaka mmoja hatari hiyo haizidi kama 1 kwa mia. Lakini ni nani atakayetueleza jinsi uboho unavyozeeka katika mwili uliopigana na malaria tangu utotoni, au katika mtu aliyelima kwa jembe mpaka miaka 80? Jibu haliwezi kutoka katika damu ya watu wengine.

Na hapa namkumbuka tena yule mama wa Uholanzi. Alipokuwa na umri wa miaka 82 aliandika kuwa akifa mwili wake upewe wataalamu. Alipofika miaka 111 alipiga simu chuoni kuuliza kama mwili wa mtu mzee kiasi hicho ungaliwafaa, akihofu kuwa umekuwa mzee mno kwa elimu. Tazama jinsi neno "tu" lilivyokuwa limemfikia hata yeye! Lakini hakulitii. Aliuliza, na kwa kuwa aliuliza, dunia ilijifunza kwake jambo ambalo haikuweza kujifunza kwa kijana yeyote.

Basi nawe, msomaji kijana, unaweza kufanya nini? Hukuombwa kuwa daktari kesho asubuhi. Uliombwa kuwa mtu mwenye swali la pili. Bibi yako akisema amechoka, usimjibu kwa umri wake, maana umri wake anaujua. Muulize: Tangu lini? Je, unapumua kwa shida ukitembea? Choo chako kimekuwa cheusi? Miguu inakufa ganzi? Maumivu ya mgongo yanakuamsha usiku? Mfuate hospitali, ukamshike mkono na kuyaandika majibu, kwa sababu wewe wajua kusoma na pengine masikio yake ni mazito. Damu ikionekana kuwa pungufu, uliza kwa adabu: Imepungua kwa sababu gani? Usiridhike na vidonge vya kuongeza damu bila ya jibu hilo, wala usimnunulie dukani ukadhani umemtibu. Maana vidonge huweza kuipandisha hesabu ya damu kwa muda, na uvimbe unaovuja ukaendelea kukua gizani. Na akikutana na mtu aliyevaa koti jeupe anayesema "ni uzee tu", mwambie bila ya utovu wa adabu: "Mheshimiwa, uzee wake tumeuona sisi. Tumekuja kwako utuonyeshe ugonjwa."

Na baadhi yenu mnayo kazi kubwa zaidi. Somo la biolojia ambalo huliona kuwa majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani ndilo mlango wa maabara. Siku moja mmoja wenu atainamia hadubini mahali fulani katika nchi hii, na juu ya kioo patakuwa na doa la uboho wa mzee wa Kitui, au Lamu, au Turkana, lenye habari ambazo hazijasomwa na mtu. Mwenye jicho la uvivu ataona mafuta na kuandika neno moja. Natumaini utakuwa wewe uliyeketi pale, na hutaliandika neno hilo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ni neno la herufi mbili. Tuling'oe ulimini mwetu, tukaanze kwa wazee tulio nao nyumbani leo.